Siku Kamati ya Uteuzi Ilipokunywa Uji

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina. Jina hilo lilipelekwa Mji Mkuu kufanyiwa marekebisho, na mpaka naandika haya halijarudi. Basi anayeijua anyamaze, asiyeijua asogee karibu, tuendelee.

Katika nchi hiyo vyuo vilikuwa vingi kuliko kazi, ndipo wakubwa wakaona ni bora vyuo vicheze mpira. Si vibaya. Kijana akiwa anakimbia hapati nafasi ya kuuliza maswali. Kila chuo kikaunda timu, timu zikacheza ligi, na mwisho wa ligi timu nne zikawa zinakwenda Mji Mkuu kugombea Kombe la Vyuo. Mpaka hapo hata mtoto wa chekechea ataelewa. Ataanza kukuna kichwa tukifika kwenye hizo nne, maana hazikuwa nne zilizoshinda. Zilikuwa nne zilizoteuliwa.

Uteuzi ulikuwa kazi ya Kamati Tukufu, wajumbe kumi na wawili, wote wenye miwani. Kanuni yao ya kwanza ilibandikwa posta kwenye ubao wa matangazo. Niliisoma mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Ilisema mjumbe haruhusiwi kutazama mechi yoyote, kwa kuwa anayetazama huweza kumpenda anayeshinda, na huo ni upendeleo.

Mjukuu wangu Ussi alicheza namba tisa katika timu ya Chuo cha Visima, hapa hapa mtaani kwetu Bondeni. Nilimlea mimi, tangu hajaota meno. Alisoma kwa ule mpango ulioitwa Elimu kwa Mpira: mwanafunzi anafundishwa bure, anacheza, na mwaka wake wa mwisho unahesabiwa ikiwa tu timu yake imeteuliwa. Isipoteuliwa, ule mwaka haukuwapo. Anarudia.

Mwaka wake wa mwisho Visima walishinda mechi zote kumi na moja. Hawakuteuliwa. Mwaka uliofuata, ambao ulikuwa wa mwisho vilevile, wakashinda tena zote kumi na moja. Hawakuteuliwa. Ussi akaanza mwaka wa mwisho kwa mara ya tatu. Walimu wapya wakiripoti chuoni walimuuliza yeye choo kiko wapi. Alikuwa anaweza kukanyaga ardhi kwa kisigino akakwambia maji yako kina gani, ila karatasi ya kusema anajua, hana.

Mwaka huo wa tatu ikaja barua ya Idara ya Maji. Walimwandikia kwa upole kwamba nafasi yake ya ufundi wameishikilia miaka miwili na mikono imechoka. Alete cheti kabla ya mwezi kwisha, akishindwa atapewa mwenzake. Ussi aliisoma barazani, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akaenda mazoezini.

*

Sasa nieleze habari ya uji.

Huu si uji wa mgonjwa. Ni uji wa harusini: unga wa mchele, maziwa, sukari, hiliki, pilipili manga, na kungumanga ya kukunwa. Kwetu wanawake huunywa siku ya ngoma, haya ipungue na kiuno kilegee. Mwanamume kuunywa ilikuwa aibu. Lakini mwaka Visima walipoachwa mara ya kwanza, Mzee Mbarouk, aliyekuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini, alikuja barazani kwangu, akakaa, akautazama ukuta kwa muda wa kanga kukauka, kisha akasema, "Bi Kazija, ule uji wenu wa kike, umebaki?"

Ulikuwa umebaki. Ijumaa iliyofuata akaja na Faki, fundi bati. Kisha akaja Siwema, mshona nguo, ambaye mumewe alimkimbia akamwachia cherehani na mapenzi ya mpira. Wakawa hao watatu kila Ijumaa alasiri, na wengine wakipita.

Kungumanga haina haraka. Unakunywa, unakaa, unasema mbona sioni kitu, unakwenda zako. Saa tano baadaye uko sokoni unachagua vitunguu, ndipo mdomo unapokauka, macho yanakuwa mekundu, na vitunguu vinaanza kukusimulia matatizo yao. Kesho yake kichwa kizito kama umekitwisha tofali, ndiyo maana watu wenye akili hawaunywi. Washabiki wa Visima waliunywa Ijumaa hii, na Ijumaa ijayo wakaja kusimuliana walichokiona.

"Mimi," alisema Faki siku moja, "niliona vidole vyangu vimekuwa kumi na moja, kila kimoja na jezi yake. Vikaanza kucheza. Lakini vyote vilikataa kumpa pasi kidole gumba."

"Kwa nini?" aliuliza Siwema.

"Vilisema gumba kasoma chuo kingine."

"Hicho si kioja, hiyo ni timu ya taifa. Mimi nilizungumza na mpira wenyewe. Ulikuwa umekaa juu ya cherehani yangu, umejitanda kanga. Ukaniambia, dada, nimechoka. Kila siku napigwa, na mkishinda mnabebana nyinyi kwa nyinyi, mie mnaniacha nyavuni."

"Ukaujibu nini?"

"Nikauambia, mwenzangu, shukuru hata wewe unafika nyavuni."

Mzee Mbarouk alisubiri wamalize kucheka. Yeye aliziona barua zote alizowahi kuzipoteza. Zilikuwa zimekaa jukwaani, zimejaza uwanja, zinamshangilia. "Hazina kinyongo," alisema, na machozi yakamlenga. "Moja ilikuwa yako, Faki."

"Ile ya kazi ya bandarini?"

"Nadhani."

Faki akaomba aongezewe sukari.

Mimi niliunywa mara moja tu. Nilimwona marehemu mume wangu kasimama kwenye foleni, kashika kijikaratasi chenye namba. Kila nilipomuuliza ni foleni ya nini, alinijibu, "Bado hawajasema." Sikuunywa tena.

Wakimaliza maono yao walihamia kwenye uteuzi, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu kuamini.

"Mwaka huu hawana pa kukwepea," Faki alisema. "Kumi na moja kwa kumi na moja, mwaka wa tatu! Hata Itifaki tumewapiga tatu bila!" Chuo cha Itifaki ndiko watoto wa wakubwa walikofundishwa kufungua milango ya magari.

"Hujasoma gazeti wewe," alisema Mzee Mbarouk. "Wanasema ratiba yetu nyepesi."

"Nyepesi kivipi?"

"Timu zote tulizocheza nazo zimefungwa."

"Si tumezifunga sisi!"

"Ndiyo hivyo. Timu iliyofungwa na Visima ni dhaifu, na kumfunga dhaifu si sifa. Itifaki wamepoteza mechi tano. Maana yake wamekutana na timu tano zenye nguvu. Ratiba nzito hiyo."

"Basi sisi tuliowafunga Itifaki ni katika hao wenye nguvu."

"Hapana. Siku ile Itifaki walikuwa dhaifu."

Siwema aliweka bakuli chini. "Mzee Mbarouk, umeshaunywa wa leo?"

"Bado. Nimesoma gazeti tu."

*

Ikatangazwa kwamba Kamati itafanya Ziara ya Kusikiliza Wananchi, na wananchi watakaosikilizwa ni sisi. Mwenye swali aliwasilishe kwa maandishi siku tisini kabla. Tangazo lilibandikwa Ijumaa, na ziara ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Wakitoka kwetu wajumbe wangekwenda moja kwa moja Mji Mkuu kutangaza uteuzi redioni alasiri ileile.

Mtaa ukaamua wageni wapikiwe uji, na chungu kikawekwa kwangu kwa kuwa kwangu ndiko kwenye chungu kikubwa.

Kwetu uji wa mgeni hautiwi kungumanga na mpishi kwa niaba ya wote. Kila mwenye kumheshimu mgeni huja na yake, huikuna mwenyewe, na huikuna kimya, kawapa watu mgongo, kwa sababu heshima ya kutangazwa ni masimango. Siku za kawaida hakuna neno. Mgeni huwa wa nyumba moja, basi na kungumanga huwa moja. Ila Kamati ilikuwa mgeni wa Bondeni nzima.

Mimi nilikuna yangu baada ya sala ya alfajiri, nikafunika, nikaenda kuazima mabakuli. Nilipotoka aliingia Siwema, akakuna yake. Kisha mama mkwe wake wa zamani, ambaye hakubali Siwema amtangulie kwa lolote, akakuna mbili. Kisha mke wa imamu. Kisha mpishi wa chuo. Kisha wale mapacha wa nyumba ya kona, kila mmoja kwa wakati wake. Kila aliyeingia alijua kwamba amekikuta chungu hakina kungumanga, na akatoka akijua kwamba heshima yote iliyomo ni ya kwake.

Wajumbe walifika na magari kumi na mawili, maana kupanda gari moja kungewapa nafasi ya kujadiliana njiani, na mjadala wa njiani hauna kumbukumbu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Dakta Rubeya, alisimama chini ya turubai, akafuta miwani, akasema:

"Wananchi wapenzi! Wapo wanaosema timu inayoshinda ndiyo bora. Hayo ni mawazo ya kikoloni. Ushindi ni tukio, hutokea na kupita. Kamati hii haitazami matukio. Inatazama hadhi. Inatazama mwelekeo. Inatazama picha!"

Akanyanyua picha ya Visima. Ilipigwa siku ya jua kali, na wote kumi na mmoja walikuwa wamefumba macho.

"Timu iliyofumba macho," alisema Dakta Rubeya kwa masikitiko, "itaiona wapi kesho?"

Tulipiga makofi. Tulikuwa tumeelekezwa mahali pa kupiga makofi.

Ussi akasimama. Alikuwa amevaa jezi, nimeipiga pasi mwenyewe. "Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba kuuliza, tufanye nini ili tuteuliwe?"

"Marahaba. Swali zuri sana, kijana. Uliliwasilisha siku tisini zilizopita?"

"Ziara imetangazwa jana, Mheshimiwa."

"Basi liwasilishe leo. Baada ya siku tisini utajulishwa ulichopaswa kufanya jana."

Ussi alisema ahsante, akakaa. Niliona shingo yake tu, na shingo ilikuwa imeinama.

Uji ukagawiwa. Dakta Rubeya alikunywa mabakuli matatu. "Bi Mkubwa," aliniambia, "uji huu una uzito wa kitaifa." Wajumbe wote walikunywa, isipokuwa Katibu, mtu mwembamba mwenye vidonda vya tumbo, aliyekaa pembeni na maji yake ya chupa. Saa nne magari yakaondoka.

Nilikuwa naosha chungu nilipoona uji uliobaki kwenye kingo umekuwa wa rangi ya udongo. Nikauliza, "Jamani, nani alikuna kungumanga?"

"Mimi," alisema Siwema.

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Mimi," alisema mke wa imamu, na wengine wakafuata, na kila sauti ilikuwa ya chini kuliko iliyotangulia. Nikahesabu. Zilikuwa nane.

"Saa nne wameondoka," alisema Mzee Mbarouk polepole. "Na redio ni saa tisa."

Tulitazamana. Hakuna aliyesema tuwapigie simu. Nasema kweli, wazo hilo halikupita hata kwa mbali.

*

Saa tisa tulikuwa barazani, redio juu ya kinu. Ussi alikaa kizingitini. Siku za mwezi zilikuwa zimebaki nne.

"Nafasi ya kwanza," ilisema sauti ya Dakta Rubeya, "Chuo cha Itifaki. Wamefungwa mara tano, lakini wamefungwa kwa adabu. Wakifungwa, wanampigia makofi mfungaji."

"Kungumanga imemshika!" Faki aliruka.

"Kaa chini, haijamshika," alisema Mzee Mbarouk. "Mwaka jana alisema hivyohivyo, neno kwa neno."

"Nafasi ya pili, Chuo cha Uongozi Bora. Timu hii haikufika uwanjani katika mechi nne, jambo linaloonyesha kujiamini."

"Na sasa je?"

"Bado. Huyo ni yeye wa siku zote."

"Nafasi ya tatu, Chuo cha Anga. Chuo hiki hakijajengwa. Lakini jiwe la msingi limekwishawekwa, na waliokuwepo wanasema lilikuwa jiwe lenye ari ya ushindi."

"Sasa tutajuaje, jamani?" Siwema alishika kichwa. "Mbona hakuna tofauti!"

Niliwaambia wasikilize mdomo, wayaache maneno. Wakasikiliza. Ndani ya redio ulimi ulikuwa unatafuta mate na hauyapati. Tukasikia maji yakimiminwa. Kisha kimya, kirefu, cha kutosha mtu kusuka ukili mmoja.

"Nafasi ya nne," ilisema sauti, na haikuwa sauti ileile. "Nafasi ya nne... Hii karatasi ni ya nini? Hapa pana matokeo. Matokeo ya ligi yote yapo hapa. Tangu lini yapo hapa?"

"Mheshimiwa, endelea na ukurasa wako," mtu alinong'ona, nadhani Katibu.

"Visima mbili, Kilimo sifuri. Visima moja, Takwimu sifuri. Visima tatu, Itifaki sifuri. Visima... Jamani, wameshinda zote. Waheshimiwa wajumbe, mnaziona namba hizi?"

"Tunaziona, Mheshimiwa," alijibu mjumbe mmoja kwa sauti ya mtu anayeota jua. "Zinapumua."

"Kumi na moja," alisema Dakta Rubeya. Alikuwa analia. "Aliyeshinda kumbe ni yule aliyeshinda. Mbona ni jambo jepesi hivi? Miaka yote hii nimebeba nini kichwani? Nafasi ya nne ni Visima! Na hiyo ya kwanza nayo, hebu nipeni hiyo kalamu..."

Redio ikapiga brasi bendi ya jeshi, ikaipiga mpaka magharibi.

Barazani hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa kama watu waliosikia hodi nyumba isiyo na mlango.

"Sasa," alisema Mzee Mbarouk, "ndiyo imemshika."

*

Katibu alikuja peke yake, Jumatatu, siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Alikaa mkekani, akavua viatu, akaweka mkoba mapajani. Nilimwona kachoka, nami nilikuwa nimechoka, basi tulielewana tangu salamu.

"Bi Mkubwa, ule uji ulitiwa nini?"

"Heshima, baba."

"Kiasi gani?"

"Ya mtaa mzima."

Aliandika. Kisha akanieleza shida yao. Kwa sheria ya nchi, kauli ya Mwenyekiti ikishatoka redioni hairudi. Na kwa sheria hiyohiyo, Mwenyekiti halewi. Basi kama hakulewa, aliona. Na kama aliona, Visima walishinda. Na kama Visima walishinda, Kamati ilikuwa wapi miaka mitatu?

"Na ilikuwa wapi?" niliuliza.

"Swali hilo halina jibu linalofaa kuchapishwa. Kwa hiyo tumekaa siku nzima, wale waliokuwa na vichwa vya kukaa, tukapata ufumbuzi." Alitoa karatasi. "Imebainika kwamba aliyelewa si Mwenyekiti, ni wananchi. Wananchi wa Bondeni wamekunywa kungumanga miaka mitatu mfululizo. Mechi kumi na moja za Visima hazikuchezwa. Zilionekana. Mwenyekiti aliwasikia wananchi wakizitaja, akazitaja kwa huruma."

"Kwa hiyo vijana wangu hawakuteuliwa."

"Wameteuliwa! Kauli hairudi. Wameteuliwa kwa heshima, bila kucheza, kwa kuwa hawajawahi kucheza. Mwaka wao unahesabiwa. Vyeti nimekuja navyo." Aliupigapiga mkoba kama mtu anayembembeleza mtoto. "Kila mmoja atie saini kwamba hakushinda na hatasema alishinda. Asiyetia saini anarudia."

Nilimpa uji usio na kitu, kwa ajili ya tumbo lake. Alipofika nusu ya bakuli aliangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Mimi nilikuwepo, Bi Mkubwa. Siku ya Itifaki. Nilikuwa nyuma ya ukuta, haja ilinibana. Bao la tatu niliona nusu."

"Nusu ipi?"

"Mpira ulipokuwa juu." Alifuta midomo. "Sijapata kumwambia mtu."

Vijana waliitwa wakapanga foleni uani. Walitia saini mmoja mmoja, wengine wakicheka, maana ujana hucheka hata kwenye jeneza. Kipa alitia saini, akabusu cheti, akakimbia kumwonyesha mamake. Ussi alikuwa wa mwisho. Alishika kalamu, hakuandika. Akanitazama.

"Bibi, nikitia saini, yale mabao alifunga nani?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Nina methali za kutosha kujaza pishi. Lakini nilimtazama nikaona mwaka wa nne wa mwisho unakuja nyuma yake, na wa tano nyuma ya huo, na yeye ana mvi, bado anaonyesha watu choo. Sikuwa na nguvu.

"Tia saini, mume wangu," nilimwambia.

Akatia. Aliandika jina lake kwa hati nzuri, ileile niliyomfundisha mimi kwa mkaa sakafuni. Ni mimi niliyemwambia. Nimeliandika hapa lisije likadhaniwa ni la mwingine.

*

Jumatano Ussi alipeleka cheti Idara ya Maji, akapokewa. Alipangiwa wilaya ya kaskazini, ambako wanawake huamka kufuata maji kabla jogoo hajafikiria kuwika. Jumamosi angeondoka.

Alhamisi likabandikwa tangazo jipya posta. Kusema Visima walishinda ni kosa, kifungo miezi sita. Chini yake kulikuwa na amri nyingine, kwamba mimi Kazija binti Shaame niendelee kupika uji kila Ijumaa kwa idhini ya Kamati, kwa sababu uji ukikoma wananchi watakuwa timamu, na wakiwa timamu, walichokiona kitabaki kuwa wamekiona. Waliniletea na kibali, kina muhuri, nikining'inize ukutani.

Ijumaa wakaja watatu wale, na wengine wengi nyuma yao, mpaka baraza ikajaa wakakaa hadi kwenye ngazi. Nilipika. Sikukuna kungumanga hata moja, na hakuna aliyeniuliza.

Walikunywa. Jirani wa mbele alikuwa askari kanzu, na sote tulimjua kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na koti. Alikaa ngazini, akapewa bakuli lake, akatoa kijitabu.

"Haya," alisema Siwema baada ya muda, "nani ameona nini wiki hii?"

Faki alikohoa. "Mimi kungumanga ilinishika vibaya mno. Niliona Visima wanacheza na Kilimo."

Askari kanzu akanyanyua kichwa.

"Ni maono, bwana mkubwa," Faki alimwambia. "Soma tangazo. Serikali yenyewe imethibitisha." Askari alifikiri, akatafuta kosa, hakuliona, akarudi kwenye uji wake. Faki akaendelea. "Mvua ilikuwa inanyonyota. Dakika ya sita ikapigwa kona..."

Akaisimulia yote mpaka filimbi. Siwema akaja na mechi ya Takwimu, aliyoiona, alisema, akiwa anatia uzi kwenye sindano. Mpishi wa chuo akaleta ya Chuo cha Kumbukumbu, na huyo alikumbuka hata nani alitemewa mate na nani. Nilikuwa sijawahi kuzisikia mechi hizo zikielezwa vizuri hivyo, hata siku zilipochezwa. Walipokuwa washabiki walibishana. Sasa kila mmoja alimwachia mwenzake amalize.

Ussi alikuwa ameketi kwenye kona ya mkeka, mkoba wake wa safari umefungwa tayari. Magoti kayakumbatia.

"Na wewe, mjukuu?" aliuliza Mzee Mbarouk. "Hukuona kitu?"

"Mimi nimetia saini, babu."

"Kweli. Nisamehe." Mzee Mbarouk alitia kijiko kwenye uji, akakitoa. "Basi mimi niliona siku ya Itifaki. Tumeshawapiga mbili. Jua linaegemea upande wa lango lao. Anaupokea mpira kijana mmoja, jina silijui, katikati ya uwanja, mgongo kauelekeza kwa adui. Anageuka. Anampita wa kwanza, wa kwanza anakaa chini. Anampita wa pili. Kipa anatoka. Watu wote wanasimama, hata yule mwenye mguu mmoja anayeuza ubuyu. Kijana anauinua mpira, unapaa juu kabisa, hata aliye nyuma ya ukuta anauona, unashuka, anaungoja, hana haraka kabisa, anaupiga kwa mguu wa kushoto..."

"Wa kulia," alisema Ussi.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Askari kanzu alikuwa ameshika kalamu, na kalamu ilikuwa imesimama.

Mzee Mbarouk alimeza uji wake taratibu.

"Wa kulia," alisema. "Kungumanga ilinichanganya. Anaupiga kwa mguu wa kulia."